Kupanga muhula wa michezo, vilabu na tuzo katika shule ya wavulana

Shule nyingi za wavulana wa miaka 7 hadi 13 hupanga muhula kwa kuanza na mechi. Tarehe za mechi zikishapatikana, kwaya inabanwa palipobaki, vilabu vinasukumwa Ijumaa jioni, na siku ya kufunga shule wavulana walewale wanane wanapanda jukwaani mara tatu tatu huku wenzao wakipiga makofi. Wanane hao hawana kosa. Ratiba iliyoanza na timu za kwanza haiwezi kuzaa kitu kingine.

Mwongozo huu unaanzia upande wa pili. Orodha ya majina yote hutangulia, kalenda hufuata, na daftari moja huonyesha wiki kwa wiki nani amefanya nini. Mifano imepigiwa hesabu kwa shule ya wavulana 120 wenye nyumba nne, yaani vikundi vinavyoshindana ndani ya shule, za wavulana thelathini thelathini. Idadi yenu ikiwa tofauti, njia ni ileile.

Wiki za kazi ni tisa tu

Muhula wa wiki 13 hauna wiki 13. Wiki ya 1 huishia kwenye kugawa vitabu, kupanga vitanda na kuandikisha vilabu. Ya 7 kwa kawaida ni mapumziko ya katikati. Ya 12 ni ya mitihani, na ya 13 ni mazoezi ya hafla na kufungasha. Zinabaki wiki ya 2 hadi ya 6, na ya 8 hadi ya 11. Klabu inayokutana mara moja kwa wiki ina vipindi 9. Ondoa kimoja cha mvua na kimoja kilichoangukia safari ya michezo, inabaki na 7. Mlezi wa klabu anayeahidi kwamba wavulana wataunda roboti, watashindana nayo na kuiandikia ripoti kwa vipindi 7 amejipa kazi ya mwaka mzima. Mwombe achague kitu kimoja kitakachokamilika, aandike kwenye fomu ya klabu ni kitu gani na kitaonekana wiki ya ngapi.

Kalenda ichorwe kwa kurudi nyuma. Weka kwanza tarehe ambazo huna mamlaka nazo: mitihani ya muziki inayosimamiwa na watahini wa nje, mashindano yanayoandaliwa na shule nyingine, siku ya wazazi. Kutoka hapo hesabu kinyumenyume. Tamasha likiwa wiki ya 11, mazoezi ya jukwaani ni wiki ya 10, na maneno ya nyimbo zote yawe yamekaririwa kufikia wiki ya 8. Kisha tumia sheria ya siku saba: matukio mawili makubwa yanayowahusu wavulana walewale yasikaribiane kwa chini ya siku 7.

Kujua kama ni walewale, usitegemee kumbukumbu. Fungua lahajedwali, majina 120 yashuke upande wa kushoto, matukio yapite juu, kisha tia alama. Mstari wenye alama tano ni wa mvulana atakayekuwa hoi kufikia wiki ya 10, na ambaye pia ameziba nafasi za wenzake wanne. Mstari usio na alama hata moja ni wa mvulana ambaye hakuna mwalimu aliyemfikiria. Kikomo kinachofanya kazi vizuri ni mambo matatu kwa kila mvulana: mchezo mmoja, muziki au maigizo, na klabu moja. Anayetaka la nne aombe kwa mwalimu mmoja aliyeteuliwa, si kwa mlezi wa klabu, kwa sababu walezi hawawezi kumkataa mtoto mwenye kipaji.

Daftari la matendo

Hiki ndicho kifaa kikuu cha muhula, na hakihitaji chochote zaidi ya safu sita: jina, nyumba, tarehe, shughuli, alichofanya, na aliyeshuhudia. Safu ya tano ndiyo huharibika. Walimu huandika "amejitahidi sana kwenye kwaya," maneno yanayomfaa yeyote na yasiyomwambia mzazi lolote. Dai kitendo au kipimo: "aliimba ubeti wa pili peke yake kwenye ibada ya wiki ya 6," "aliogelea mita 25 bila kusimama kwa mara ya kwanza," "alirekodi matokeo ya mechi nne bila kosa." Sentensi isiyo na kitenzi kinachoonekana kwa macho irudishwe kwa mwandishi.

Mtu mmoja tu ndiye alinde daftari. Wengine wampelekee karatasi kabla ya Ijumaa mchana. Mkiruhusu watu kumi na wawili kuandika moja kwa moja, mtapata mvulana mmoja kwa tahajia tatu za jina lake, na siku ya kuchapa vyeti mtamhesabu kama watu watatu.

Mwisho wa wiki ya 4, panga daftari kwa idadi ya maingizo ya kila jina. Mara nyingi theluthi nzima ya wavulana hawana kitu. Msishtuke, kwa maana ndiyo sababu ya kukagua mapema badala ya kungoja wiki ya 11. Chukua majina hayo ukumbini kwa walimu na uulize swali moja kwa kila jina: huyu anafanya nini akiwa hana la kulazimishwa? Anayechora pembezoni mwa daftari la hesabu apewe mabango ya tamasha. Anayejua matokeo ya ligi zote kichwani apewe ukarani wa mashindano ya nyumba. Asiyependa kabisa kushindana apewe viwango vya riadha vilivyoelezwa hapa chini, ambamo mpinzani ni saa tu.

Jambo moja la kuepuka hapa ni tuzo ya bandia. Wavulana wa miaka kumi wanaitambua papo hapo, na aliyepewa huaibika kuliko aliyekosa. Badala ya kubuni cheti cha "tabasamu bora," mtafutie kazi halisi yenye mwisho unaoonekana, kisha uandike alivyoimaliza.

Timu na dakika za kucheza

Kabla ya kuchagua timu, angalia tarehe za kuzaliwa. Kundi la umri likianza mwezi fulani, waliozaliwa miezi ya mwanzo wanaweza kuwazidi wenzao kwa karibu mwaka mzima, na kwa mtoto wa miaka minane mwaka ni mwingi. Hali hii imechunguzwa sana katika michezo ya vijana: wanaochaguliwa mapema huwa wengi wao ni wakubwa wa kundi, wanapata mazoezi zaidi, na baadaye tofauti ya umri inaonekana kama kipaji. Andika mwezi wa kuzaliwa kando ya kila jina kwenye karatasi ya mchujo. Makocha wakiuona, macho yao hubadilika.

Kwa miaka 11 hadi 13 tatizo hugeuka kuwa la ukuaji. Wavulana wengi hurefuka kwa kasi kubwa kabisa karibu na miaka 13 na nusu, lakini wengine huanza miaka miwili kabla, wengine baada. Kwenye raga, mieleka na mchezo wowote wa kugongana, panga mazoezi kwa uzito na urefu, si kwa darasa.

Vifaa navyo vifuate umri. Mpira wa miguu saizi 4 una mzunguko wa sentimita 63.5 hadi 66, na unawafaa wa miaka 9 hadi 12 au 13. Saizi 5 ni ya juu ya hapo. Mpira wa kriketi kwa walio chini ya miaka 13 una uzito wa gramu 133 hadi 144, wakati wa watu wazima huvuka gramu 155. Mvulana wa miaka kumi akipewa mpira wa wakubwa hufundishwa kuogopa mpira, na hofu hiyo huchukua miaka kuondoka.

Kuhusu dakika, ahadi ya "kila mtu atacheza" bila hesabu haitimizwi. Chukua mechi ya saba kwa saba, vipindi viwili vya dakika 25, wachezaji kumi. Dakika zilizopo uwanjani ni 7 mara 50, yaani 350. Gawa kwa kumi: kila mmoja anastahili 35. Kata mechi katika vipande kumi vya dakika tano. Kila mvulana anacheza vipande saba na kupumzika vitatu. Andika jedwali hilo kwenye kadi usiku wa kuamkia mechi na mpe kiranja asiyecheza alisome na kuita majina. Kocha mwenyewe akishika kadi, dakika ya 40 timu ikiwa nyuma kwa bao moja, kadi itaingia mfukoni.

Kabla ya kuthibitisha mechi na shule nyingine, mkubaliane kwa maandishi kuhusu tarehe ya kukatia umri, idadi ya wachezaji, saizi ya mpira, urefu wa vipindi, wachezaji wa akiba kurudi uwanjani au la, nani analeta refa, na saa ya mwisho ya kuahirisha. Ugomvi mwingi kati ya walimu wa michezo unatokana na mojawapo ya mambo hayo saba, na karibu kila mara ni tarehe ya umri. Ombeni pia mechi ya timu ya tatu na ya nne siku hiyohiyo. Basi linakwenda hata hivyo.

Ugenini, majeraha na mvua

Orodha ya wasafiri iwe nakala tatu: moja kwa mwalimu, moja garini, moja inabaki shuleni. Hesabu vichwa wakati wa kupanda, wa kushuka na wa kurudi. Kuuliza "wote tupo?" hakuna maana, maana aliyebaki chooni hajibu. Dawa ya pumu isafiri na mvulana mwenyewe au na mwalimu aliye pembeni ya uwanja. Dawa iliyofungiwa kabatini ofisini ni sawa na kutokuwa nayo.

Mvulana aliyegongwa kichwa na akaonyesha dalili yoyote, kama kuduwaa, kuyumba, kutokumbuka matokeo ya mechi, kichefuchefu au kulalamika kwamba mwanga unamuumiza, anatoka na harudi siku hiyo hata akijisikia nafuu. Apelekwe kwa mhudumu wa afya, wazazi waarifiwe, na jina lake liandikwe mahali ambapo walimu wote wa michezo wataliona, kwa sababu kesho yake atajitokeza kwenye mazoezi ya mchezo mwingine akisema yuko sawa.

Radi ikisikika, uwanja unaachwa mara moja na hakuna kurudi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Ngurumo mpya inaanzisha hesabu upya. Hapa msimsikilize refa anayetaka kumalizia dakika tano.

Riadha: viwango kwanza, siku ya michezo baadaye

Kwa kiasi kilekile cha kazi, hakuna shughuli inayowagusa wavulana wengi kuliko riadha, ikipangwa kwa viwango. Mfumo wa kawaida unatoa pointi 6 kwa wa kwanza mpaka 1 kwa wa sita. Aliyekuwa wa saba hana sababu ya kukimbia tena. Mfumo wa viwango unampa kila mvulana pointi kwa ajili ya nyumba yake akifikia muda au umbali uliowekwa, haijalishi wangapi wamefikia.

Viwango vitokane na matokeo yenu wenyewe. Chukua matokeo ya mwaka uliopita ya kundi moja la umri, tuseme mita 80 kwa wa miaka 10, na uyapange kutoka wa kasi hadi wa polepole. Muda ambao tisa kati ya kumi waliufikia ndio kiwango cha 1. Muda wa katikati ya orodha ni kiwango cha 2. Muda ambao mmoja tu kati ya kumi aliufikia ni kiwango cha 3. Pointi ni 1, 2 na 3. Kama hamna matokeo ya nyuma, pimeni wote wiki ya 3 na mtumie hayo. Kunakili viwango vya shule nyingine huleta shida, maana uwanja wa nyasi ndefu na uwanja uliochongwa vizuri havitoi muda mmoja.

Wiki ya 8 hadi ya 10, kila kipindi cha michezo kiwe na tukio moja la viwango. Mvulana anaweza kurudia kadiri apendavyo, na bora yake ndiyo inayohesabiwa. Nyumba zikipishana idadi, gawa pointi za nyumba kwa idadi ya wavulana wake kisha zidisha kwa 30, la sivyo nyumba yenye watu wengi itashinda kabla hamjaanza.

Siku yenyewe ya michezo inahitaji uwanja uliochorwa sawasawa. Mzunguko wa mita 200 unatosha na unaingia ndani ya uwanja wa mpira wa ukubwa wa kawaida: sehemu mbili zilizonyooka za mita 50, na kona mbili zenye jumla ya mita 100. Pigilia kigingi katikati ya kila kona, umbali wa mita 50 kati yao, funga kamba ya mita 15.72 na uchore nusu duara. Hiyo 15.72 inatokana na ukweli kwamba mkimbiaji hakanyagi mstari wa ndani. Njia yake huhesabiwa sentimita 20 nje ya mstari uliochorwa, na hapo nusu kipenyo kinakuwa mita 15.92, kinachotoa mita 100 kamili kwa kona mbili. Njia sita za mita 1.22 zitahitaji eneo la takriban mita 96 kwa 46.

Kosa linaloharibu mashindano mengi ya shule ni ngazi za kuanzia. Kwa mzunguko mmoja kamili ndani ya njia, kila njia inaanza mita 7.67 mbele ya iliyo ndani yake, kwa sababu upana wa 1.22 mara mbili ya pai ni 7.67. Njia ya sita, basi, iko mita 38.3 mbele ya ya kwanza. Wazazi watanung'unika kwamba aliyeko nje amependelewa; waacheni wanung'unike. Umbali huo upimwe kwa kufuata mpindo wa njia, utepe ukishikiliwa na vigingi vidogo kila mita moja. Ukivuta utepe ukanyooka juu ya kona, utamsogeza wa sita mbele kupita haki yake.

Mbio fupi zisilazimishwe kuingia kwenye kona. Mita 80 zichorewe njia zake zilizonyooka pembeni, na baada ya utepe wa mwisho kuwe na mita zisizopungua 15 za kupunguza mwendo bila ukuta wala viti.

Wapima muda waanzishe saa kwa kuangalia, si kwa kusikia. Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde, hivyo anayesimama mita 80 kutoka kwa mwanzishaji anaisikia ikiwa imechelewa kwa robo ya sekunde hivi, na mvulana anajikuta na rekodi ambayo hakuiweka. Mwanzishaji ashushe bendera au agonganishe mbao mbili zilizopakwa rangi mbili tofauti, zionekane. Muda wa mkono hukuzwa kwenda sehemu ya kumi inayofuata: 12.32 ni 12.4, si 12.3. Saa zikiwa tatu kwa mkimbiaji wa kwanza, chukua ya katikati. Zikiwa mbili na hazilingani, chukua ya polepole.

Kuruka mbali ndiko hula muda. Wavulana 24, miruko mitatu kila mmoja, dakika moja kwa mruko: dakika 72, na bado hujapiga filimbi ya mbio za vijiti. Punguza iwe miruko miwili au chimba shimo la pili. Kwa wadogo, acha ubao wa kurukia. Chora eneo la unga lenye upana wa mita moja na upime kutoka pale mguu ulipotoka. Kwa wakubwa, kipimo ni kutoka alama ya mchanga iliyo karibu zaidi na mstari, hata kama imeachwa na mkono, na utepe ukae pembe mraba na mstari. Sifuri ya utepe iwe upande wa mchanga, msomaji awe upande wa mstari. Vinginevyo mwenye kusoma atakanyaga alama ya mruko unaofuata.

Chesi bila kuwafukuza nusu ya watu

Mashindano ya mtoano ya wavulana 40 huwaondoa 20 siku ya kwanza. Ligi ya kila mtu na kila mtu inahitaji michezo 780. Kati ya hayo mawili upo mfumo wa Uswisi: raundi 6, hakuna anayetolewa, na kila raundi unakutana na mwenye pointi sawa au karibu na zako. Raundi sita zinatosha hadi wachezaji 64.

Kila mvulana awe na kadi yenye jina, pointi, rangi aliyocheza na wapinzani aliokwisha kukutana nao. Baada ya kila raundi panga kadi kwa pointi. Ndani ya kundi lenye pointi sawa, nusu ya juu icheze na nusu ya chini, usirudie wapinzani, na mwenye kucheza nyeupe mara mbili mfululizo apewe nyeusi. Idadi ikiwa witiri, wa chini kabisa ambaye hajawahi kupumzishwa anapata pointi moja ya bure, na haipati tena. Wakifungana mwishoni, jumlisha pointi za wapinzani wa kila mmoja. Aliyekutana na wenye nguvu yuko juu.

Bila saa za chesi, piga kengele dakika ya 40 na uhesabu kete zilizobaki: askari 1, farasi na askofu 3 kila mmoja, ngome 5, malkia 9. Tofauti ikiwa chini ya 3, ni sare. Wavulana watapinga. Itangazeni kabla ya raundi ya kwanza, pamoja na ile ya kugusa kete ni kuisogeza, ndiyo inayoleta machozi zaidi.

Muziki na maigizo

Wanaofanya mitihani ya ABRSM, bodi ya Uingereza ya mitihani ya muziki, wana ngazi 1 hadi 8. Alama 100 kati ya 150 ni kufaulu, 120 ni sifa, 130 ni sifa ya juu. Kwa ngazi ya 6 na kuendelea mtahiniwa anatakiwa awe amepita nadharia ya ngazi ya 5 au mbadala wake unaokubaliwa, na kuna walimu hulikumbuka hilo baada ya dirisha la usajili kufungwa. Anayepiga ala ya kuhitaji msindikizaji aanze naye wiki tatu kabla. Kosa la kawaida si noti, ni mvulana ambaye hajawahi kusikia mapigo manne ya utangulizi wa piano na hajui aingie wapi.

Kwenye kwaya, sauti za wavulana wa miaka 12 na 13 huanza kukwama. Usimtoe wala usimlazimishe kufika juu. Mpe sauti ya pili yenye mapana madogo ya noti tano au sita, na umsikilize peke yake kila wiki mbili, faragha, kwa sababu mapana hayo yanahama.

Tamasha la vipande 15, kila kimoja dakika tatu na moja ya kubadilishana, ni saa nzima. Hapo ndipo pa kukomea. Wanaoanza wapige mwanzoni, kipande cha mistari minane kinatosha, na ingizo lao kwenye daftari lina uzito uleule wa mpiga fidla wa ngazi ya 6. Mchezo wa kuigiza nao uwekewe siku ya kuacha karatasi za maneno na kuigiza kwa kukariri, wiki ya 5. Siku hiyo mazoezi yatakuwa mabaya mno. Yakicheleweshwa hadi wiki ya 9, ubaya uleule utawakuta mlangoni kwa wageni.

Changamoto ya kusoma, mdahalo na hesabu havihitaji mengi. Kusoma kusihesabiwe kwa kurasa, maana watachagua vitabu vya maandishi makubwa; mwalimu aulize swali moja kuhusu kitabu na atie saini.

Siku ya kufunga na baada yake

Wiki ya 9 tuma barua kuomba vikombe vya mwaka jana virudishwe. Vingine vitarudi vimepinda, na fundi wa kuchonga majina anahitaji siku zake. Vyeti vichapwe kutoka kwenye daftari baada ya kulifunga mwisho wa wiki ya 11, mtu mmoja asome jina, mwingine alinganishe na rejista ya shule, si na jinsi linavyosikika. Kila tuzo inachukua sekunde 30 kuanzia kuitwa hadi kukaa, mradi wanaofuata wamesimama tayari pembeni; tuzo 40 ni dakika 20. Msomaji asome kitendo chenyewe, "aliogelea mita 25 kwa mara ya kwanza," badala ya kutaja klabu tu.

Taarifa kwa wazazi ionyeshe matokeo yote, na ya kufungwa yakiwemo. Timu ya nne iliyofungwa 6 kwa 1 inastahili sentensi yake na jina la aliyefunga hilo moja. Picha za watoto zitumike kwa idhini ya maandishi ya wazazi, na jina kamili lisikae chini ya sura inayotambulika.

Siku ya mwisho hesabu vifaa mkiwa bado na viranja. Kila boksi la chesi liwe na kete 32; linalopungukiwa litiwe alama kwa nje, la sivyo litagunduliwa raundi ya kwanza ya muhula ujao. Vizibao vifuliwe na vikauke kabla ya kufungiwa. Saa zitolewe betri. Mipira ipunguzwe upepo kidogo na ihifadhiwe mahali pasipo jua. Kisha, kabla walimu wa michezo wa shule zile nyingine hawajaondoka likizo, waandikieni kuomba tarehe za mwaka ujao, mkianza na mechi za timu ya nne.